Kibati cha Wino cha Ofisi ya Sheha

Arobaini ya Bibi ilipopita, Mama na mimi tulifungua kasha lake ili nguo zigaiwe. Nilitegemea asumini zilizokauka, na zilikuwemo. Nilitegemea kanga zisizokatwa, nazo zilikuwemo, doti juu ya doti, maana Bibi akipewa kanga nzuri huiweka kwa ajili ya siku nzuri zaidi, na siku hiyo haikufika. Sikutegemea kibati. Kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kitambaani, kibati bapa cha wino wa mhuri, kifuniko kimeshaota kutu. Nikakifungua. Wino ulikuwa umekauka ukabaki gaga la zambarau, lakini harufu yake ilikuwapo, ile harufu kali ya ofisini, imechanganyika na ubani wa kasha. Wallahi nilikaa chini.

Mama alikitazama akasema, kumbe hakukirudisha. Naam, hakukirudisha. Kilikuwa cha ofisi ya sheha wa mtaa wetu, kikaazimwa kwa alasiri moja tu. Karani alikifuata mara tatu, na kila mara Bibi alimpa chai na kumwambia apite kesho. Huyo ndiye Bibi yangu, mzaa baba, Mungu amrehemu.

Ukumbini Baba alikuwa mezani anaandika barua. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu wa chuo kikuu, amefungwa nchi ya mbali kwa makala aliyoandika, na tangu Mfungo Mosi Baba hana kazi nyingine ila kumtafutia watu wa kumsemea. Mimi nikakisukuma kile kibati chini ya kanga asikione. Kina jambo langu na yeye ambalo katika umri wangu wote sikuwahi kumwambia.

Tulikaa Mkunazini, ghorofa ya pili, na friji yetu ilikuwa na chupa nyingi za maji ya bahari kuliko za maji ya kunywa. Baba alikuwa mwalimu wa chuo kikuu na kazi yake ilikuwa mwani. Alitaka kujua kwa nini mwani unaoza ukiwa bado umefungwa kambani, kabla wenyewe hawajauvuna, na akisema ni joto la maji. Kila Jumamosi alikwenda Bwejuu kwa wanawake wanaolima mwani, na mara nyingine alinichukua. Akiingia majini na suruali yake ya kazini, kipimajoto mkono huu, daftari mkono ule, na lazima aanguke. Wale wanawake wakimcheka mpaka wanashikana mabega. Wakimwita Mwalimu wa Mwani. Akirudi nyumbani ananuka mwani mkavu, na Mama humwambia aache viatu mlangoni, na miguu nayo kama inawezekana.

Kisha akaalikwa ng'ambo kupima maji ya pwani za watu. Nchi yenyewe siitaji. Mama aliapa jina lake halitatajwa ndani ya nyumba yake, na mimi ingawa nina nyumba yangu, kiapo chake nakishika. Baba aliniambia atakaa wiki sita, akanionyesha vidole sita. Huko akakutwa ufukweni karibu na bandari, ana kamera, kipimajoto na chupa zilizoandikwa namba. Wakasema huyu jasusi. Wakamhukumu miaka saba.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa na miaka minane, na nikiuliza naambiwa kazi ya Baba haijesha. Nafahamu kwa nini walinificha. Kifungo ni jambo la aibu kulisema mbele ya mtoto, kwani mtoto atalipeleka chuoni kwenye Qur'ani, na huko wenzake watalifanyia wimbo. Ndiyo wakanyamaza. Wangelijua nitapeleka nini huko chuoni, wangeliniambia yote siku ya kwanza.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka simu ya mezani, ile iliyovalishwa kitambaa cha kufuma. Mama aliweka kiti karibu nayo na hakuondoka tena. Baba aliruhusiwa kupiga simu, jambo ambalo mimi sikuambiwa, lakini siku wala saa haikujulikana, kwa hiyo Mama akaacha kwenda kazini, akaacha kwenda Darajani, hata harusi ya binamu yake hakwenda. Akaapa pia kwamba hatatia hina wala wanja wala hatajifukiza udi mpaka mumewe arudi. Mchana kutwa alikuwa na nguo yake nyeupe ya kusalia, maana akitoka kwenye simu anakwenda kwenye mswala, na akitoka kwenye mswala anarudi kwenye simu.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule ule jirani yetu wa chini, Bi Saada, alifiwa na mume akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Nilipouliza kwa nini Bi Saada hatoki, Bibi ndiye aliyenifundisha, tena kwa utulivu, ananisuka nywele: mwanamke akifiwa na mume hatoki nje, hajipambi, hatii wanja, hajitii manukato. Nikalishika somo. Halafu Alhamisi moja nikarudi nyumbani nikakuta mikeka imetandikwa, chetezo kinafuka, wanawake wamejaa chumba cha ndani wanasoma Yasini, na kwenye dua Bibi analia. Kitu kama kile nilikiona mara moja tu, kwenye hitma ya Babu. Kwamba Yasini husomwa pia kwa mtu aliye hai mwenye shida, ili Mungu amfungulie njia, hilo hakuna aliyenifundisha.

Nikatazama, nikapima, nikaelewa. Baba amekufa.

Nililia chooni, peke yangu, nimefungua bomba ili wasinisikie. Na sitawadanganya, kilichoniuma zaidi ni kwamba wamefiwa bila mimi. Watu wazima wamekaa na msiba wao, wananipa uji, wananitazama kwa huruma, na mimi mwenye baba hakuna aliyeniona kuwa nimefiwa. Nilikasirika. Mpaka leo nikikasirika huwa nafanya jambo, sikai kimya.

Jumatano asubuhi, chuoni, rafiki yangu Asya aliniuliza mbona sisomi. Nikamwambia kwa sauti ya mtu mzima kabisa kwamba Baba amefariki huko ng'ambo na Mama yuko eda. Maalim alikuwa nyuma yetu. Akaniita, nikaitika naam, akaniuliza nani kaniambia. Nikasema hakuna aliyeniambia, nimeona mwenyewe, Mama hatoki na yuko kwenye nyeupe. Maalim alikuwa mtu wa haya. Kwetu mtu hendi kubisha mlango wa mwanamke aliye eda akamuuliza kama kweli mume amekufa. Unainamisha kichwa na unasema lililo wajibu. Basi alituamrisha tusome Fatiha, watoto chungu nzima kwa sauti moja, na mimi nikiwa mbele. Niseme kweli, nilijisikia vizuri. Angalau mtu amenipa pole.

Adhuhuri Maalim akasema msikitini. Alasiri tayari watu wanaulizana kama Baba atasaliwa sala ya ghaibu, ile ya maiti aliyefia mbali.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo lililokuwa likiendelea juu ya kichwa changu. Wakili wa Baba alikuwa amemwambia Mama kwamba rufaa inakaribia kusikilizwa, na kwamba anataka karatasi zenye sahihi za watu wa huku, wengi iwezekanavyo, washuhudie kwamba huyu ni mwalimu, kazi yake ni mwani, na wao wanamjua. Ziondoke kwa ndege ya Ijumaa, la sivyo hazitafika kwa wakati. Bibi aliivaa buibui yake akaanza kuzunguka. Mkunazini yote, Darajani, Mlandege duka kwa duka. Kila mahali alipewa kiti. Alipewa soda. Alipewa dua ndefu za kumtoa machozi. Sahihi hakupewa. Watu walimpenda Baba, lakini neno jasusi lilikuwa limetangulia, na karatasi inayokwenda kwa serikali ya watu inatisha. Mwenye duka la vitambaa Mlandege, ambaye alisoma na Baba tangu udogoni, alimwambia Bibi kwamba kalamu yake imeisha wino, na kalamu tatu zimo mfukoni kifuani mwake. Baada ya wiki mbili Bibi alikuwa na majina thelathini na moja, na tisa kati ya hayo ni ya kwetu wenyewe.

Basi Jumatano hiyo, baada ya alasiri, nilikuwa nimekaa ngazini nikasikia kilio kinapanda. Walikuwa wanawake sita au saba, wa mbele ana mfuko wa mchele. Mama akafungua mlango. Yule wa mbele akamkumbatia akasema, "Pole mwanangu. Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti."

Mama hakuuliza. Aliketi pale pale kizingitini. Sauti aliyoitoa sijaisikia tena kwa binadamu.

Nikajua papo hapo. Mama alikuwa hajui. Kama alikuwa hajui, basi hakukuwa na eda, na kama hakukuwa na eda, Baba alikuwa hai mpaka asubuhi ile nilipofungua mdomo wangu chuoni. Nikaamini nimemuua. Hivyo hasa ndivyo nilivyoamini, kwamba nimetamka na ikawa. Niliingia nyuma ya kabati la vyombo nikakaa magoti kinywani.

Bibi alikamata simu akaanza kumtafuta wakili. Laini haishiki. Inashika, inakatika. Na watu wanazidi kuja, maana kwenye msiba hakuna anayengoja kualikwa: wanaume wamejaa barazani chini, wanawake wamejaa mpaka jikoni, mtu ameshateremsha mikeka, mwingine anauliza masufuria makubwa yako wapi. Nilimwona yule mwenye duka wa Mlandege amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, analia. Saa nzima ilipita hivyo. Halafu simu ikalia yenyewe.

Mama ndiye aliyeipokea. Alisikiliza, mkono mdomoni. Kisha akageuka, na uso wake wote umelowa, akasema, "Wakili kamwona kwa macho yake asubuhi hii. Analalamikia chakula."

Nyumba nzima ilipumua. Mtu akasema alhamdulillahi, mwengine akacheka, na habari ikashuka ngazi mpaka barazani, analalamikia chakula, analalamikia chakula. Kisha ikaja aibu. Watu walianza kutafuta viatu vyao kwa macho ya chini, na wenye michele wasijue waiache au waondoke nayo.

Bibi akasimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini aliuziba mlango wote.

"Mmekuja kumlilia mwanangu," alisema, "na hakuna aliyeogopa. Basi aliyepanda ngazi hizi kwa ajili ya maiti hashuki mpaka amtendee jambo aliye hai. Michele rudini nayo. Mimi niachieni majina."

Karatasi zikaletwa. Wa kwanza kuinama mezani alikuwa yule mwenye duka, na alitia sahihi kwa kalamu ya kifuani mwake mwenyewe. Nimefikiri sana kwa nini waliweza siku ile na si wiki iliyopita. Naona ni kwa sababu walikuwa wameshamlilia. Ukishamlilia mtu mbele ya mama yake, kuogopa kuandika jina lako kunakuwa kugumu kuliko kuliandika. Kwa wazee wasiojua kuandika, Bibi alituma kibati kiazimwe kwa karani wa sheha, na karani akakileta mwenyewe, akatia na yeye lake. Mpaka adhana ya magharibi foleni ilikuwa bado imefika barabarani.

Maalim alipanda kutaka radhi. Nilimwona anazungumza na Bibi ngazini kwa sauti ya chini, na nikaona wote wawili wakageuka kutazama kabati la vyombo. Bibi hakusema kitu. Siku hiyo hakusema, wala siku nyingine yoyote.

Bwejuu habari ya kifo iliwahi kufika, ya uhai haikuwahi. Alhamisi asubuhi likasimama lori chini, limejaa wanawake wa mwani na nazi na muhogo, na kiongozi wao, Bi Miza, akapanda ngazi analia mpaka ghorofa ya pili. Bibi akamwambia yu hai. Bi Miza akaketi mkekani, akajifuta uso kwa kanga, akapumua muda mrefu. Halafu akasema mwanamme huyu anawasumbua hata kufa, wameacha maji ya bamvua, siku zao za kazi, kwa ajili yake. Wenzake wakacheka, na Mama akacheka, mara ya kwanza tangu simu iliyoleta habari kwamba Baba amekamatwa.

Wakashika foleni ya kibati. Na hapo karani wa sheha, aliyekuja kudai kibati chake, akatia neno. Aliinua karatasi akasema haya si madole, haya ni mabaka, hayana mistari, hakuna mahakama itakayoyakubali. Ilikuwa kweli. Miaka ya kufunga mwani kwenye kamba ndani ya maji ya chumvi ilikuwa imekula ncha za vidole vyao mpaka zikawa laini kabisa. Bi Miza alilitazama dole lake lenye wino.

"Mistari yangu imo baharini," alisema. "Anayeitaka akaitafute huko. Mwalimu ananijua."

Bibi akasema zitakwenda hivyo hivyo.

Walipoondoka nilitoka nyuma ya kabati, nilikorudi kujificha asubuhi ile. Bibi alikuwa anapanga karatasi. Aliniita, akanishika dole gumba, akalikandamiza kwenye kibati, kisha kwenye karatasi safi. Mkono wake ulikuwa na joto. Akaniambia na mimi nimemfanyia baba yangu, na ndipo akaniambia kweli yote, Baba yuko wapi na kwa nini. Nilimuuliza kama atakufa. Akasema hajui, ila leo hajafa. Nilidhani karatasi yangu imekwenda na nyengine zote Ijumaa.

Nisiwape hadithi ya uongo: rufaa haikumtoa siku ile. Lakini zile karatasi zilikuwa nzito, na wakili alisema walioweza kupuuza jina moja moja walishindwa kulipuuza bunda zima. Watu nao, wakishatia jina mara ya kwanza, wanakuwa wakali. Mwenye duka wa Mlandege alikuwa akisimamisha hata wateja. Wanafunzi wa Baba walikuwa wakijazana kwenye mkahawa wa intaneti karibu na Darajani kuandikia wenzao wa nchi nyingine. Ramadhani ikaja ikapita, na ya pili ikaja, na kabla haijesha hukumu ikapunguzwa, wakampandisha ndege.

Siku hiyo Mama alitiwa hina mpaka viwikoni. Tulikwenda uwanja wa ndege, kule Kiembe Samaki, na Bi Miza na lori lake walikuwa wametangulia. Baba alitoka amekonda, shati si lake. Aliponinyanyua nilitia sikio kifuani mwake kuhakikisha. Kisha akaenda kwa wale wanawake wa Bwejuu akawaambia wamwonyeshe madole yao, na wao, huku wanaona haya, wakayanyosha.

Akatuhadithia pale pale kwenye maegesho. Wakili alimpelekea nakala za karatasi. Askari aliyezikagua akamcheka, akamwambia watu wako wamekudanganya, ukurasa mzima wa mabaka yasiyo na mistari. Baba akasema ndipo alipocheka na yeye, kwa mara ya kwanza ndani ya jengo lile. "Majina mengine ningeweza kusema kayaandika mtu mmoja," alisema. "Yale mabaka hayawezi kughushiwa. Nilijua Bwejuu nzima imepanda ngazi zetu." Karatasi hizo ndizo alizoziweka chini ya kichwa akilala mpaka siku ya kutoka.

Nilitaka kumwambia siku ile. Nikasema nitamwambia kesho, na kesho ikawa miaka.

Sasa rudini kwenye kasha. Kile kitambaa kilichofunga kibati, nilipokikunjua, kilikuwa na karatasi ndani yake. Katikati pana dole moja dogo la zambarau, mistari yake yote ipo. Chini yake Bibi ameandika kwa herufi za Kiarabu, ndizo pekee alizozijua: *Huyu ndiye aliyewaita.*

Mama alisoma, akanitazama. Halafu, bila kuniuliza, akaichukua karatasi na kibati akavipeleka ukumbini.

Baba alivaa miwani. Alisoma mara mbili. Akaniuliza niliwaita akina nani.

Nikamwambia. Mtu mzima mimi, nina watoto wawili, nimesimama mbele ya meza yake. Nilimwambia eda, na Yasini, na chooni, na Fatiha, na sauti ya Mama pale kizingitini. Nikamwambia niliamini nimemuua, na kwamba kuna siku mpaka leo nikimwona amelala mchana naingia kutazama kama anapumua. Mama alikuwa ameegemea mlango, anajifuta macho.

Baba alivua miwani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka akakohoa na Mama akamletea maji.

"Kwa hiyo nlikufa Jumatano adhuhuri," alisema, "na kabla ya magharibi nshafufuka."

Akaivuta ile karatasi, akaliweka dole lake juu ya dole langu dogo, akalifunika lote. Halafu akakifungua kibati, akakigusa, kikavu. Akaitazama barua yake mezani, ya yule mwanafunzi wake, na mistari iliyoachwa wazi chini yake kwa ajili ya majina.

"Kanunue wino, mwanangu," alisema. "Na safari hii tuwaite watu bila kumuua mtu."